Msumari, Mrututu na Ndoto ya Dhahabu

Mazungumzo haya niliyatoa Jumamosi iliyopita mbele ya walimu, wanafunzi na wazazi waliokusanyika hapa Mwanza kwa siku ya sayansi. Wengi waliokosa wameniomba niyaandike. Nimeyaacha kama nilivyoyasema, isipokuwa picha za ukutani.

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, habari za asubuhi. Wanafunzi, hamjambo?

Kabla sijaendelea, naomba kijana mmoja wa mstari wa mbele asogee hapa mezani. Ahsante, mwanangu. Mnaona glasi mbili. Zote nimeziwekea maji ya mrututu, mrututu huu huu wa bluu wanaoujua wakulima wa kahawa. Na huu ni msumari mpya, nimeusugua kwa msasa mpaka ukang'aa. Utumbukize kwenye glasi ya kulia. Sote tuhesabu polepole mpaka thelathini.

Haya, utoe. Zungusha wenzako wauone. Ule wekundu ni nini? Semeni kwa sauti. Ni shaba! Shaba ya kweli, wala hakuna aliyeupaka rangi. Ukiikwangua na kuikusanya ya kutosha, ukaiyeyusha, fundi atakufulia pete. Urudishe msumari kwenye glasi. Ile glasi ya kushoto tuiache kwanza. Msumari wake umelala humo tangu jana jioni.

Sasa nawauliza. Ungezaliwa mwaka 1550, hujasikia habari za atomu, hakuna jedwali la elementi ukutani, ukaona chuma kinaingia majini na shaba inatoka, ungesema nini?

Nimesikia sauti huko nyuma: "Chuma kimegeuka shaba." Umesema kweli, binti yangu. Ndivyo na wao walivyosema. Wanaalkemia wa Ulaya wa karne ya 16 na ya 17 tunawafundisha kwa sentensi moja darasani: walikuwa watu wajinga na matapeli waliotaka kugeuza risasi iwe dhahabu. Nimefundisha kemia miaka mingi na mimi mwenyewe nimeitamka sentensi hiyo. Leo naiomba radhi. Nimekuja kuwatetea watu hawa, kwa sababu waliamini walichoamini baada ya kutazama kwa makini.

Tena mimi niliwahi kuwa mmoja wao, kwa jioni moja. Nilikuwa na miaka tisa hivi. Mjomba wangu alikuwa mchimbaji mdogo upande wa Geita. Jioni hiyo alichukua mchanga mweusi uliobaki kwenye karai baada ya kuosha, akaumwagia zebaki, akausugua kwa kiganja, kisha akaikamua zebaki kwa kitambaa. Ndani ya kitambaa kilibaki kidonge cheupe, kizito, laini kama siagi iliyoganda. Akakiweka kwenye sepetu, na sepetu akaiweka juu ya mkaa. Moshi mwembamba ukapanda. Weupe ule ukafifia ukawa kijivu, kijivu kikawa kahawia, na mara ikatokea njano. Nikapiga kelele: "Mjomba, moto umetengeneza dhahabu!" Akacheka mpaka akakohoa.

Moshi ule ulikuwa sumu ya zebaki, na tulikuwa tumeinamia pamoja. Wachimbaji mliokuja leo, nawasihi: chomeni kwenye retoti, chombo kilichofungwa kinachonasa moshi, na watoto wakae mbali. Hilo nalisema kwa uchungu.

Lakini rudini kwenye macho ya yule mtoto. Kitu cheupe kiliingia motoni, kitu cha njano kikatoka. Nilikosea wapi? Macho yangu hayakunidanganya. Kilichokosekana ni kujua kwamba dhahabu ilikuwamo tangu mwanzo, na moto umeifukuza zebaki tu. Naombeni mlishike hilo, kwa sababu historia nzima ya alkemia imezunguka hapo: kitu kilichotokea, je, kimezaliwa au kilikuwamo?

Wao walijua metali saba, na kila moja waliipa nyota yake. Dhahabu ilikuwa ya Jua, fedha ya Mwezi, zebaki ya Utaridi, shaba ya Zuhura, chuma cha Mirihi, bati la Mshtarii, na risasi, nzito na ya kijivu, ya Zohali anayekwenda polepole. Na walikuwa na nadharia iliyotoka kwenye maandishi ya Kiarabu yanayobeba jina la Jabir ibn Hayyan, mwanaalkemia wa kale, ambayo Ulaya iliyapokea kwa Kilatini. Nadharia yenyewe inasema kila metali ndani ya ardhi imeumbwa na vitu viwili: zebaki na kiberiti. Vijana mkisikia kiberiti mnafikiria kile kiboksi cha njiti, lakini wazee wanakijua kiberiti upele, ule unga wa manjano wa dawa ya ngozi. Kiberiti ndicho kinacholeta rangi na kuungua. Zebaki ndiyo inayoleta mng'ao, uzito na kuyeyuka. Vikikutana vikiwa safi, vikapikwa na joto la ardhi kwa muda wa kutosha, ni dhahabu. Vikiwa na uchafu, au vikakosa joto, ni risasi, bati au chuma. Paracelsus, daktari wa karne ya 16, aliongeza cha tatu, chumvi, lakini mkondo wa fikra ulibaki ule ule.

Sasa mnaona hii ina maana gani? Ina maana risasi na dhahabu ni ndugu wa tumbo moja, mmoja ameiva na mwingine bado. Mama zangu mnajua kuvundika ndizi. Mkungu umekatwa ukiwa mbichi kabisa, mnaufunika, mnautia joto, baada ya siku chache umeiva. Nani amewahi kusema kwamba anayevundika ndizi ni mchawi? Amelisaidia tunda lifike lilikokuwa linakwenda. Mwanaalkemia alijiona hivyo hivyo. Ardhi ingechukua maelfu ya miaka. Yeye, kwa moto wake na iksiri yake, ile dawa ya kugeuza metali, angeivundika risasi iive upesi. Hata wachimbaji wa Ulaya walikuwapo walioamini kwamba mgodi uliokwisha, ukiachwa upumzike, madini yake huota tena.

Na msidhani kila mtu alikubali. Ibn Sina mwenyewe, tabibu na mwanafalsafa mkubwa, aliandika katika kitabu chake cha Shifa kwamba mafundi wa alkemia hawawezi kugeuza aina moja ya metali kuwa nyingine. Wanachoweza ni kuipaka sura, nyeupe ifanane na fedha, njano ifanane na dhahabu. Maneno yake yalitafsiriwa kwa Kilatini karibu mwaka 1200, na kwa muda mrefu wasomi wa Ulaya waliyasoma wakidhani ni ya Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale waliyemheshimu kuliko wote. Hebu fikirini uzito wa pingamizi hilo. Wanaalkemia wakajibu: sisi hatugeuzi kwa mikono yetu, asili ndiyo inayogeuza, nasi tunaiandalia njia, kama tabibu anavyouandalia mwili upone. Walibishana kwa hoja, karne baada ya karne. Ulikuwa mjadala wa wasomi.

Lakini hoja peke yake haimfanyi mtu akeshe mbele ya tanuri miaka ishirini. Waliona vitu. Nitawaonyesha vitatu.

Cha kwanza. Mafundi wa zamani walichukua risasi wakaiyeyusha kwenye kikombe kilichofinyangwa kwa majivu ya mifupa, wakaipulizia hewa. Risasi huanza kuwa kutu inayoyeyuka, na majivu yanainywa kutu ile kama mkate unavyokunywa chai. Uso wa risasi unazidi kupungua, rangi zinacheza juu yake kama upinde wa mvua, na mara, kufumba na kufumbua, pazia linaondoka na pale katikati kunang'aa kitone cheupe. Ni fedha! Risasi imekwenda, fedha imekaa mahali pake. Leo tunajua madini mengi ya risasi yana fedha kidogo ndani yake. Lakini aliyekuwa amesimama pale aliona risasi inapungua na fedha inatokea. Nani angemlaumu akisema sehemu ya risasi imeiva?

Cha pili ni huu msumari wetu. Smolník, mji wa migodi ambao wakati huo ulikuwa katika ufalme wa Hungaria na leo uko Slovakia, ulikuwa na maji ya mgodini yenye sifa kubwa. Walitupia humo vyuma chakavu, wakarudi baadaye wakakuta tope jekundu, wakaliyeyusha, likawa shaba safi ya kuuza. Georgius Agricola, bingwa wa elimu ya madini, aliandika habari zake. Kwa walioamini ugeuzaji wa metali huo ulikuwa ushahidi wa wazi, tena wa kibiashara. Ndipo mwaka 1617 daktari Mwitaliano, Angelo Sala, akachapisha kitabu juu ya mrututu na jamaa zake. Akauvunja mrututu, akatoa shaba. Halafu akachukua shaba, asidi na maji, akautengeneza mrututu upya. Kwa hiyo shaba inayokaa juu ya chuma ilikuwamo majini tangu mwanzo. Hakuna kilichozaliwa.

Nawaomba mtulie hapo kidogo, kwa sababu napenda sana alichofanya Sala. Hakumtukana mtu. Alitenganisha, kisha akaunganisha tena.

Cha tatu ndicho kilichoninyima usingizi niliposoma habari zake. Mwaka 1628, katika kisiwa cha Bermuda, alizaliwa mtoto aliyeitwa George Starkey. Akasoma chuo cha Harvard, akamaliza mwaka 1646, na mwaka 1650 akahamia London. Aliandika vitabu vya alkemia akijificha nyuma ya jina la Eirenaeus Philalethes, na Ulaya nzima ikavisoma. Starkey alichukua jiwe la wanja, ndiyo, wanja wa manga huo wa machoni, ambao ndani yake kuna metali ya antimoni iliyofungwa na kiberiti. Akalipika na chuma. Chuma kinakipokonya kiberiti, antimoni inabaki huru, na ukiiacha ipoe taratibu chini ya taka zake, uso wake unajichora mistari inayotoka katikati kwenda pembeni. Ni nyota kamili. Fikiria umevunja chungu asubuhi ukakuta nyota.

Kisha akaitumia antimoni ile kuitengeneza zebaki yake ya pekee, akaitia dhahabu, akaifungia kwenye chupa yenye umbo la yai, akaipasha moto kwa siku nyingi. Mwanahistoria na mwanakemia wa Marekani, Lawrence Principe, aliyafuata maelekezo ya namna hiyo katika maabara ya siku hizi. Unajua aliona nini? Mti. Ndani ya yai la kioo uliota mti wa metali wenye matawi. Kila jambo la mti ule lina maelezo ya kikemia, lakini fikirini Starkey aliyefundishwa kwamba metali huota na kuiva ardhini, halafu anautazama ukiota mbele yake! Starkey alikufa London mwaka 1665, katika tauni. Madaftari yake ya maabara yapo hadi leo, na ni ya mtu makini: anapima, anakosea, anaandika kosa, anarudia.

Na wanafunzi wake ni akina nani? Mmoja ni Robert Boyle, mwanasayansi ambaye kanuni yake ya gesi mnaikariri kidato cha tatu. Starkey alimwandikia jinsi ya kutengeneza zebaki ile. Uingereza ilikuwa na sheria ya mwaka 1404 iliyokataza kuzidisha dhahabu na fedha kwa ufundi huo, na Boyle alikuwa kati ya waliopigania ifutwe, ikafutwa mwaka 1689. Mwingine ni Isaac Newton. Huyu aliandika juu ya alkemia maneno yanayokaribia milioni moja, na alikuwa na tanuri zake pale Cambridge. Ipo hadi leo nakala ya maelekezo ya Starkey kwa mwandiko wa Newton. Makaratasi yake hayo yalikaa kimya kwa vizazi, mpaka mengi yakauzwa kwa mnada London mwaka 1936. Mwanafunzi anayejua kwamba Newton aligundua kanuni ya mvutano, kwa nini tumfiche kwamba mkono huo huo ulichochea mkaa ukitafuta zebaki ya wanafalsafa, ile zebaki ya pekee ya kuivisha metali?

Mtaniuliza: na matapeli je? Walikuwepo, tena wengi. Mwaka 1722, Étienne-François Geoffroy aliwasomea wenzake wa Akademia ya Sayansi ya Paris orodha ya hila zao. Chungu chenye kitako cha pili cha nta kinachoficha dhahabu chini yake. Fimbo ya kukorogea iliyotobolewa ndani, ikajazwa unga wa dhahabu. Msumari ambao nusu ni chuma na nusu ni dhahabu iliyopakwa rangi. Anautumbukiza kwenye dawa, rangi inatoka, watu wanapiga makofi.

Ila hadithi ya Helvetius nasimulia kwa heshima. Helvetius alikuwa daktari mwenye jina kubwa mjini The Hague, Uholanzi, na alikuwa akiitilia shaka alkemia. Tarehe 27 Desemba 1666 mgeni asiyemjua alibisha hodi kwake, akamwonyesha kijisanduku cha pembe ya ndovu chenye mapande matatu ya kitu cha rangi ya kiberiti. Helvetius aliiba punje kwa ukucha wake, baadaye akaijaribu, ikaharibika. Mgeni aliporudi, akakiri. Mgeni akampa chembe ndogo kama mbegu ya haradali, akamwagiza aifunge kwenye nta ili moshi wa risasi usiiharibu, akaahidi kurudi kesho yake. Hakurudi tena. Mke wa Helvetius ndiye aliyesisitiza wasingoje. Wakayeyusha nusu wakia ya risasi hivi, wakatupia chembe ile, na baada ya robo saa, anasema Helvetius, yote ilikuwa dhahabu. Sonara Brechtel akaipima akasema ni dhahabu, tena imeongezeka uzito ilipochanganywa na fedha. Unajua nani alikwenda kumhoji Brechtel? Spinoza, mwanafalsafa na msaga lenzi. Akamwendea Helvetius pia, akaonyeshwa chungu kikiwa bado na mabaki ya dhahabu pembeni, na Machi 1667 akamwandikia rafiki yake aliyoyaona na kuyasikia. Dhahabu ile haikutoka kwenye risasi. Hilo halina mjadala leo. Lakini tazameni adabu ya Spinoza. Hakucheka wala hakusujudu. Alivaa viatu akaenda kuuliza fundi aliyeshika kipimo.

Kipimo. Hapo ndipo penyewe. Jan Baptist van Helmont wa Brussels, aliyefariki mwaka 1644, aliamini ugeuzaji wa metali kwa moyo wote. Alisema mwenyewe kwamba mgeni alimpa unga na zebaki yake ikawa dhahabu. Ni huyo huyo aliyechukua mchanga, akaupima, akaugeuza kioo kwa kuupika na magadi mengi, akakiyeyusha kioo kile kwenye maji, akakitia asidi, akaupata mchanga wake tena kwa uzito ule ule. Akaonyesha kwamba fedha iliyotoweka kwenye asidi, ikawa maji maangavu, hurudi yote. Mnasikia? Silaha iliyokuja kuimaliza alkemia ilinolewa ndani ya nyumba ya alkemia. Karne moja na nusu baadaye, Lavoisier, mwanakemia Mfaransa, kwa mizani hiyo hiyo, aliziandika metali mwaka 1789 katika orodha ya vitu ambavyo mwanadamu hajaweza kuvigawanya. Ibn Sina angetikisa kichwa kukubali.

Basi je, ndoto yenyewe ilikuwa upuuzi? Kiini cha atomu ya risasi kina protoni 82, cha dhahabu 79, na idadi hiyo ndiyo inayoamua metali ni ipi. Tofauti ni tatu tu! Moto wa mkaa hugusa elektroni za nje, na kiini hakijui kama kuna moto. Mwaka 1901, Montreal, Kanada, wanasayansi Rutherford na Soddy waligundua kwamba metali ya thoriamu inajigeuza yenyewe kuwa elementi nyingine, bila tanuri wala iksiri. Mwaka 1980, kundi la mwanakemia Glenn Seaborg huko Marekani lilizipata atomu chache za dhahabu kutoka kwenye metali ya bismathi. Na mwaka 2025, wanasayansi wa CERN, kituo cha utafiti wa chembe za atomu, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, walitangaza hesabu yao: viini vya risasi vinapopishana karibu sana kwa kasi inayokaribia ya mwanga, kimoja huweza kupoteza protoni tatu kikawa dhahabu. Kwa miaka minne, 2015 hadi 2018, walipata viini bilioni 86. Uzito wake wote? Pikogramu 29. Gawanya gramu moja mara trilioni, chukua vipande 29. Na kila kiini kiligonga ukuta wa mtambo kikavunjika papo hapo.

Haya, mwanangu, chukua koleo utoe msumari wa glasi ya kushoto. Taratibu, usiukung'ute. Tazameni, umefunikwa tope jekundu lote. Maji nayo, mnayaona? Ile bluu imepauka, inaelekea ukijani.

Jana jioni niliupima msumari huu kabla ya kuutumbukiza. Ukikauka, na kama tope halijadondoka, utakuwa mzito kuliko jana, kwa sababu kwa kila gramu 56 za chuma zinazoondoka, zinakuja kama gramu 64 za shaba. Kwa hiyo hata mwenye mizani anaweza kudanganyika! Akipima msumari peke yake, ataapa kwamba chuma kimegeuka shaba na kimekua. Chuma chetu kiko wapi? Kiko kwenye hayo maji yaliyogeuka rangi. Lazima upime na maji.

Mizani iko pale dirishani, chupa ya kuhifadhia maji iko chini ya meza. Walimu wa kidato cha pili, leteni watoto wenu kwa makundi, wanne wanne. Msiwaambie jibu.